Sura ya Saba: Hatari ya Waliobaki Hai

Kimihurura ndiko Kigali inakopokelea wageni wake. Katika kata hii ya wilaya ya Gasabo lipo Bunge la nchi, na lipo jumba la mikutano ambalo kuba lake huwaka rangi usiku likaonekana kutoka vilima vya ng'ambo. Desemba 2019 ulifanyika hapo mkutano wa ICASA, ule wa Waafrika kuhusu UKIMWI. Julai 2025 wanasayansi wa VVU wa dunia nzima walikusanyika tena chini ya kuba hilohilo kwa mkutano wa chama chao cha kimataifa. Mara zote mbili Rwanda ilikuwa na la kuonyesha. Utafiti wa kitaifa wa 2018 hadi 2019 ulikuta asilimia 3 ya watu wa miaka 15 hadi 64 wanaishi na VVU, na miongoni mwa waliokuwa wakimeza dawa, tisa kati ya kila kumi walikuwa wamevifubaza virusi. Nchi iliyokuwa ikizika vijana wake kila wiki imefika mahali ambapo mwenye VVU anatarajiwa kuzeeka.

Sura hii inahusu uzee huo. Mwanaume aliyeanza ARV Kigali mwaka 2004 akiwa na miaka 30 leo amepita hamsini. Ana kadi yake ya kliniki na tarehe ya kurudi. Kifua kikuu hakikumuua, na utando mweupe uliokuwa ukimjaa mdomoni ameshausahau. Anapimwa wingi wa virusi, anapimwa shinikizo la damu, siku hizi hata sukari. Lakini ipo sehemu moja ya mwili wake ambayo huenda hakuna mhudumu aliyewahi kumuuliza habari zake, nayo ni njia ya haja kubwa. Hapo inaweza kuota saratani ambayo kwa watu wengi ni nadra sana, ila kwake yeye VVU vimeifanya isiwe nadra. Kabla haijawa saratani hupita miaka ikiwa ni mabadiliko ya awali tu, yasiyouma wala kutoa damu. Miaka hiyo ndiyo nafasi yetu. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba hatari hii inaeleweka, waliomo wanajulikana ni kina nani, na Kigali tayari ina sehemu kubwa ya maarifa ya kukabiliana nayo, kwa sababu iliyapata ilipokuwa ikiwahudumia wanawake.

Virusi tulivyovijua kwa wanawake

Mwaka 1983 Harald zur Hausen na wenzake nchini Ujerumani walitangaza kuwa wamevikuta virusi vya HPV aina ya 16 ndani ya saratani ya mlango wa kizazi. Kazi hiyo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 2008. Leo zinajulikana aina za HPV zaidi ya 200. Nyingi hazina madhara makubwa, baadhi huleta chunjua mikononi au masundosundo sehemu za siri, na kumi na kadhaa zinaweza kusababisha saratani. Ya 16 ndiyo mbaya kuliko zote.

Rwanda iliuchukua ujuzi huo kwa haraka ambayo Afrika ilikuwa haijaiona. Aprili 2011 ilianza kuchanja wasichana wa darasa la sita la shule ya msingi nchi nzima, na mwaka huohuo zaidi ya asilimia 90 ya waliolengwa walipata dozi zao. Uganda, Tanzania na Kenya zilifuata kitaifa miaka kadhaa baadaye. Mwaka 2025 serikali ya Rwanda ilijiwekea lengo la kuitokomeza saratani ya mlango wa kizazi ifikapo 2027, miaka mitatu kabla ya mwaka ambao Shirika la Afya Duniani limeupangia ulimwengu kutimiza malengo yake ya chanjo, uchunguzi na tiba.

Nyuma ya juhudi hizo upo utafiti mmoja wa Kigali unaostahili kukumbukwa. Mwaka 2005 wanawake 936 walianza kufuatiliwa, 710 kati yao wakiwa na VVU na 226 wakiwa hawana. Wengi walikuwa wamepitia mauaji ya kimbari ya 1994, na baadhi walikuwa wamebakwa wakati huo. Daktari Kathryn Anastos wa Chuo cha Tiba cha Albert Einstein, New York, alikuwa mmoja wa walioliongoza kundi hilo la utafiti pamoja na wenzake wa Rwanda. Vipimo vya mlango wa kizazi vilionyesha kwamba waliokuwa na VVU walibeba HPV hatari kwa kiwango kikubwa kuliko wenzao, na zaidi pale kinga ilipokuwa imeshuka. Virusi viwili vilikuwa vinasaidiana.

Swali lililofuata lilikuwa la haki: vipi kwa wanaume? Mwaka 2020 watafiti wa mtandao uleule wa Anastos na wenzake, wakiongozwa na daktari wa Rwanda Gad Murenzi, walichapisha matokeo ya utafiti wa HPV na VVU kwa wanaume wa Rwanda wanaofanya ngono na wanaume. Walipima uume na njia ya haja kubwa. Uhusiano uliokuwa umeonekana kwa wanawake ukajitokeza tena: HPV ya njia ya haja kubwa ilikwenda sambamba na VVU. Mji uleule, virusi vilevile, jinsia nyingine.

Mpaka wa tishu mbili

Kwa nini mlango wa kizazi na njia ya haja kubwa, sehemu mbili zenye kazi tofauti kabisa, ziwe na ugonjwa mmoja? Jibu limo kwenye utando. Ngozi ya nje ya mwili imejengwa kwa seli bapa zilizopangwa tabaka juu ya tabaka. Utumbo kwa ndani umefunikwa kwa seli ndefu, safu moja, zenye kutoa ute. Sentimita chache ndani ya tundu la haja kubwa, aina hizo mbili hukutana. Kwenye mlango wa kizazi nako upo mpaka wa namna hiyohiyo. Pande zote mbili za mpaka hazitulii, kwani seli za aina moja hubadilika kuwa za nyingine. Seli changa zinazogawanyika haraka ndizo HPV inazozipenda.

Virusi hupenya kwenye mchubuko mdogo usioonekana kwa macho na kuifikia safu ya chini kabisa. Kwa watu wengi kinga huviona na kuvidhibiti ndani ya mwaka mmoja au miwili. Visipodhibitiwa, protini mbili za virusi huanza kuharibu utaratibu wa seli. Ya kwanza, E6, huivunja protini ya mwili iitwayo p53, ambayo kazi yake ni kuisimamisha seli iliyoharibika au kuiamuru ife. Ya pili, E7, huizima protini nyingine inayozuia seli kugawanyika ovyo. Seli ikishanyang'anywa walinzi hao wawili, huendelea kuzaana ikibeba makosa yake, na kila mgawanyiko huongeza mengine.

Mtaalamu wa patholojia akiitazama tishu hiyo kwenye hadubini hutofautisha hali mbili. Mabadiliko ya daraja la chini huishia tabaka za chini za utando, na mara nyingi hupotea yenyewe. Mabadiliko ya daraja la juu yamepanda karibu unene wote wa utando, ila bado hayajauvunja ukuta wa chini na kuingia ndani ya nyama. Haya ya daraja la juu ndiyo hatua inayotangulia saratani. Sio saratani. Mtu aliyeambiwa anayo hajaambiwa kwamba anakufa, na wengi wenye hali hiyo hawatapata saratani kamwe. Tatizo ni kwamba leo hakuna kipimo kinachoweza kumwambia mtu mmoja mmoja kwa uhakika kama yake yataendelea au yatatulia.

Vihatarishi, kimoja kimoja

Kwanza tuione hatari yenyewe ukubwa wake. Mwaka 2021 Gary Clifford na wenzake, wakifanya kazi chini ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lililoko Lyon, waliunganisha takwimu za tafiti nyingi ili kupanga makundi kwa ngazi. Katika watu wa kawaida, saratani ya njia ya haja kubwa humpata mmoja au wawili kati ya watu 100,000 kwa mwaka. Wanaume wanaofanya ngono na wanaume wasio na VVU: 19. Wanawake wenye VVU: 22. Wanaume wenye VVU wanaofanya ngono na wanawake: 32. Wanaume wenye VVU wanaofanya ngono na wanaume: 85. Takwimu hizo zilitoka hasa Ulaya, Amerika Kaskazini na Australia, maana kwetu madaftari ya saratani bado ni machache. Hata hivyo mpangilio wa ngazi hizo unatokana na namna virusi vinavyofanya kazi mwilini, na mwili wa mtu wa Kigali haufuati kanuni tofauti.

Kihatarishi cha kwanza ni HPV 16 kukaa mahali hapo bila kuondoka. Uchambuzi uliochapishwa pia 2021, uliokusanya wanaume karibu 30,000 kutoka tafiti 64, ulikuta HPV 16 kwenye njia ya haja kubwa kwa asilimia 1.8 ya wanaume wasio na VVU wanaofanya ngono na wanawake. Kwa wenzao wenye VVU ilikuwa asilimia 8.7. Kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume ilikuwa asilimia 13.7 wasipokuwa na VVU, na asilimia 28.5 wanapokuwa navyo. Tazama nambari ya pili: VVU peke yake, bila ngono ya mwanaume kwa mwanaume, vimeizidisha HPV 16 karibu mara tano.

Cha pili ni kinga kuwahi kushuka sana. Watafiti huangalia kiwango cha chini kabisa ambacho seli za kinga za mtu ziitwazo CD4 ziliwahi kufikia maishani. Aliyewahi kushuka chini ya 200 ana hatari kubwa kuliko ambaye hakufika huko, hata kama leo wote wawili wana CD4 700 na virusi vimefubazwa. Mkulima aliyelala kitandani msimu mzima anaporudi shambani huikuta kwekwe imeshatia mizizi, na nguvu zake mpya haziing'oi kwa siku moja. Ndivyo ilivyo kwa HPV iliyojikita wakati kinga ilikuwa imelala.

Hapa historia ya Rwanda inaingia ndani ya mwili wa mtu. ARV za bure zilipoanza kusambaa katikati ya miaka ya 2000, dawa zilikuwa chache na wagonjwa wengi. Mwongozo wa dunia wa wakati huo uliwataka watu wasubiri hadi CD4 zishuke chini ya 200 au waonekane wagonjwa hasa. Baadaye kiwango kikapandishwa hadi 350, kisha 500, na mwaka 2016 Rwanda ikaanza kumpa dawa kila anayekutwa na VVU bila kungoja hesabu. Kwa hiyo kliniki moja ya Kigali ina wagonjwa wa zama mbili. Yupo kijana aliyepima 2019 akaanza dawa wiki hiyohiyo, CD4 zake hazikuwahi kuporomoka. Yupo na mzee aliyebebwa kupelekwa hospitalini 2005 akiwa na CD4 40. Kwenye kompyuta ya kliniki wote wanasomeka sawa: virusi havionekani. Kwa saratani hii hawako sawa, na namba inayowatofautisha imeandikwa kwenye ukurasa wa kwanza wa faili la zamani la yule mzee.

Cha tatu ni ARV zenyewe, kwa maana ya kuchelewa kuzianza au kuziacha. Wanaotumia dawa wana HPV hatari kwa kiwango kidogo kuliko wasiotumia, na waliofubaza virusi kwa muda mrefu wana mabadiliko machache ya daraja la juu. Dawa zinalinda. Haziifuti hatari yote, lakini kila mwaka wa kumeza bila kukosa unahesabika.

Cha nne ni ngono. Mwanaume anayepokea uume kwa njia ya haja kubwa, na hasa mwenye wapenzi wengi, hukutana na HPV mara nyingi zaidi. Kondomu hupunguza maambukizi bila kuyazuia yote, kwa kuwa HPV hukaa pia kwenye ngozi ambayo kondomu haifuniki. Lakini ni kosa kuufanya ugonjwa huu kuwa ushahidi wa tabia. HPV ikishafika sehemu za siri husambaa kwa ngozi kugusana na ngozi, na kwa vidole. Mwanaume mwenye VVU asiyewahi kulala na mwanaume mwenzake anaweza kuupata, na ile ngazi ya 32 inatokana na watu kama yeye. Mhudumu anayeona uvimbe akaanza kuhukumu amekosea sayansi kabla hajakosea adabu.

Cha tano ni umri. Kwa wanaume wenye VVU wanaofanya ngono na wanaume, uchambuzi wa Clifford ulionyesha hatari ikipanda kutoka takriban 17 kwa kila 100,000 kwa walio chini ya miaka 30 hadi zaidi ya 100 kwa waliofika 60. HPV inahitaji miaka kufanya kazi yake. Tiba nzuri ya VVU ndiyo inayowapa watu miaka hiyo, na ndiyo maana kliniki zilizofanikiwa kuliko zote ndizo zinazopaswa kuwa macho zaidi.

Cha sita ni sigara. Kemikali za tumbaku huzunguka na damu, hudhoofisha kinga ya utando na kuisaidia HPV kudumu. Kati ya vihatarishi vyote nilivyotaja, hiki ndicho mtu anaweza kukiondoa kwa uamuzi wake mwenyewe, kwa hiyo kisitajwe harakaharaka mwishoni mwa ziara. Cha saba ni historia ya masundosundo sehemu ya haja kubwa. Aina za HPV zinazoyaleta kwa kawaida hazisababishi saratani, lakini ni alama kwamba mlango ulikuwa wazi, na aina nyingine huenda zilipita pamoja nazo.

Jaribio lililomaliza ubishi

Kwa miaka mingi madaktari walibishana kama kuna faida ya kuyatafuta mabadiliko haya. Ubishi uliisha kwa jaribio lililoanza Marekani mwaka 2014 chini ya Joel Palefsky wa Chuo Kikuu cha California, San Francisco, likapewa jina la ANCHOR. Watu 10,723 wenye VVU, wa miaka 35 na kuendelea, walichunguzwa. Zaidi ya nusu, asilimia 52, walikutwa na mabadiliko ya daraja la juu. Watu 4,446 wakaingizwa kwenye hesabu za jaribio, wakagawanywa kwa bahati nasibu: nusu watibiwe mara moja, nusu wafuatiliwe kwa karibu bila tiba. Tiba kwa wengi ilikuwa kukichoma kidonda kwa umeme, huku eneo limetiwa ganzi, na mgonjwa kurudi nyumbani siku hiyo.

Oktoba 2021 jaribio lilisimamishwa mapema, kwa kuwa jibu lilikuwa wazi. Upande uliotibiwa walipata saratani watu 9. Upande uliofuatiliwa walipata 21. Tiba ilikuwa imepunguza hatari kwa asilimia 57. Matokeo yalichapishwa Juni 2022, na mwaka 2024 chama cha kimataifa cha wataalamu wa fani hiyo kikatoa mwongozo: wanaume wenye VVU wanaofanya ngono na wanaume, pamoja na wanawake waliobadili jinsia wenye VVU, waanze kuchunguzwa wakiwa na miaka 35, watu wengine wenye VVU waanze wakiwa na 45.

Kidole, siki na jicho

Mtu anaweza kusoma hayo akakata tamaa, akisema ni mambo ya San Francisco. Basi tuutazame uchunguzi wenyewe.

Ule kamili unaitwa anoskopi ya kukuza. Mgonjwa hulala ubavu wa kushoto, magoti yamekunjwa. Mrija mfupi wa plastiki uliopakwa kilainishi huingizwa, kisha hupitishwa pamba iliyolowa asidi asetiki, kemikali ileile inayoipa siki ukali wake, na kuachwa dakika moja au mbili. Daktari hutazama kwa darubini yenye taa. Utando wenye afya hubaki na waridi lake. Seli zilizojaa protini zisizo za kawaida hugeuka nyeupe, na mishipa midogo ya damu ndani yake hujichora kama nukta au vigae. Halafu hupakwa iodini: tishu nzima hunywa rangi ikawa kahawia iliyokoza, iliyobadilika huikataa ikabaki na manjano hafifu. Kutoka hapo hukatwa kinyama kidogo kama punje ya mtama kupelekwa kwa patholojia.

Muuguzi wa Rwanda aliyefunzwa kuchunguza mlango wa kizazi anakijua kitendo hiki. Ameshapaka asidi hiyohiyo, amehesabu dakika, amesubiri weupe utokee. Kinachohitaji muda ni kujifunza umbo la sehemu nyingine, yenye mikunjo na pembe zinazoficha vidonda, na wataalamu wa nje wanakubali kwamba inachukua mamia ya wagonjwa kabla jicho halijawa hodari. Darubini ni ghali, na watu waliofunzwa kuitumia bado ni haba Afrika nzima. Miongozo nayo inaonya jambo la busara: usianze kuwapima watu seli au HPV ya njia ya haja kubwa kama huna anoskopi wala tiba ya kuwapa, maana utawaachia hofu tupu.

Lakini miongozo hiyohiyo inasema kwamba pale darubini isipokuwepo, kidole kinatosha kuanza. Mhudumu huvaa glavu, huikagua ngozi ya nje kwa macho kwanza, kisha huingiza kidole kilicholainishwa na kukizungusha taratibu pande zote, akitafuta ugumu, kidonda au mahali panapouma. Hufanywa kila mwaka. Huchukua muda mfupi kuliko kupima shinikizo la damu. Kidole hakioni mabadiliko ya awali, kwa sababu hayo hayana uvimbe. Kinachokipata ni saratani ikiwa bado ndogo, na udogo huo una thamani kubwa.

Thamani hiyo imetokana na Norman Nigro, mpasuaji wa Detroit. Mwaka 1974 alieleza jinsi wagonjwa aliowapa mionzi pamoja na dawa za saratani kabla ya upasuaji walivyokutwa uvimbe umetoweka. Kabla yake tiba ilikuwa kuukata utumbo wa mwisho na kumwachia mtu mfuko wa choo tumboni maisha yake yote. Tangu hapo saratani hii ikiwahiwa wengi hupona bila kukatwa. Mionzi ndiyo nguzo ya tiba hiyo, na kwa miaka mingi Rwanda haikuwa nayo. Wagonjwa walipelekwa Uganda na Kenya, na mwaka 2016 mashine ya Mulago, Kampala, ilipoharibika, hata njia hiyo ilifungwa. Tangu 2019 mionzi inatolewa Kanombe, kwenye hospitali ya kijeshi, safari fupi tu kutoka Kimihurura. Mgonjwa atakayegunduliwa mapema leo ana mahali pa kwenda.

Aibu, na sheria

Kinachobaki katikati ya mgonjwa na kidole ni aibu. Mwanaume akiona damu kwenye karatasi atasema ni bawasiri. Duka la dawa litamuuzia mafuta ya bawasiri. Mhudumu naye, kwa haya zake, ataandika bawasiri bila kutazama. Mwaka utapita hivyo. Damu, maumivu, muwasho usioisha, uvimbe au usaha sehemu hiyo kwa mtu mwenye VVU havistahili kupewa jina kabla ya kukaguliwa.

Kwa wanaume wanaofanya ngono na wanaume aibu huongezwa hofu. Uganda, Burundi, Tanzania na Kenya zina sheria zinazowaadhibu, na ile ya Uganda ya 2023 ni kali kupita zote. Februari 2010 huko Mtwapa, pwani ya Kenya, kundi la watu lilivamia kliniki ya KEMRI, taasisi ya Kenya ya utafiti wa tiba, iliyokuwa ikiwahudumia wanaume hawa. Sheria ya Rwanda haiwaadhibu. Pendekezo la kufanya hivyo lilifika bungeni 2009 likaachwa. Jamii bado inawanyanyapaa, na wengi wao huishi kwa siri. Hata hivyo uamuzi ule uliacha nafasi ya daktari kuuliza na mgonjwa kujibu bila polisi katikati yao, na utafiti wa 2020 uliwezekana ndani ya nafasi hiyo. Nchi yenye nafasi kama hii katika ukanda wetu ina wajibu wa kuitumia, kwa faida yake na ya majirani.

Swali lenyewe linaweza kuulizwa kwa heshima, na liulizwe kila mwanaume mwenye VVU ili lisimnyooshee yeyote kidole. "Mzee wangu, leo nawauliza wote wenye umri wako. Kuna damu, maumivu au uvimbe wowote unapokwenda haja kubwa? Ukiruhusu, nitakukagua kwa kidole. Ni muda mfupi, na mlango umefungwa." Mzee akikataa, aambiwe kwamba ataulizwa tena mwakani. Wengi watakubali mara ya pili, wakishajua kwamba hakuna aliyewatenga.

Wavulana

Chanjo inazuia haya yote ikitolewa mapema. Mwaka 2011 Palefsky na wenzake walichapisha jaribio la vijana 602 wanaofanya ngono na wanaume, wa miaka 16 hadi 26. Kwa waliokamilisha dozi bila kuwa wameambukizwa kabla, chanjo ilizuia mabadiliko ya awali yanayoletwa na aina za HPV inazozilenga kwa asilimia 77.5. Lakini jaribio jingine lililofanywa Marekani na Brazil kwa watu wenye VVU wa miaka 27 na zaidi halikupata faida kama hiyo. Mtu mzima aliyekwisha kukutana na HPV hahitaji kuuziwa chanjo kama tiba. Anayeihitaji ni mtoto, kabla ya ngono ya kwanza. Rwanda ilianza na wasichana kwa sababu saratani ya mlango wa kizazi huua watu wengi zaidi na dozi zilikuwa chache, na uamuzi huo ulikuwa sahihi. Sasa kwa kuwa Shirika la Afya Duniani tangu 2022 limekubali kwamba dozi moja inaweza kuwatosha wasichana wengi, dozi zinazobaki zinaweza kuelekezwa kwa wavulana, kuanzia na waliozaliwa na VVU. Hao wanahitaji dozi mbili au tatu, na tayari wana kadi kwenye kliniki za watoto, hivyo hakuna haja ya kuwatafuta.

Kwa wizara na kliniki, basi, kazi inaweza kupangwa kwa utaratibu. Wachukuliwe kwanza wanaume wa miaka 45 na zaidi ambao mafaili yao yanaonyesha CD4 ziliwahi kushuka chini ya 200, pamoja na wanaume wa miaka 35 na zaidi wanaofanya ngono na wanaume. Waulizwe na wakaguliwe kwa kidole kila mwaka, na majibu yaandikwe ili Rwanda ipate takwimu zake yenyewe badala ya kuazima za Ulaya. Wauguzi wachache waliobobea kwenye mlango wa kizazi wapelekwe kujifunza anoskopi, na kituo kimoja Kigali kiwe cha rufaa. Kwa msomaji mwenye VVU kazi ni fupi zaidi: usiache dawa, acha sigara, na tarehe yako ijayo ya kliniki uombe ukaguzi huu wewe mwenyewe, hata kama hakuna aliyekuuliza.